Zile namba za tanga

Ngamiani, Tanga

Sahibu yangu Bakari,

Salamu sana, wewe na wote nyumbani. Sisi wazima. Nakuandikia mbio kabla fundi hajakata kitambaa: zile namba za nguvu ya upepo kwenye tanga la ngalawa nilizokupa mwezi uliopita usizifuate. Zimezidi.

Kosa liko kwenye kuta za handaki langu la upepo, lile sanduku ambamo feni huvuta hewa ipite kwenye tanga la mfano nipime nguvu yake. Tundu lake ni sentimita 40 kwa 40, na tanga la mfano lina sentimita za mraba 240, kwa hiyo nililiziba kwa asilimia 15. Baharini upepo hulizunguka tanga kwa nafasi. Humu hauna pa kutanukia. Nilichoma ubani mdomoni mwa handaki nikatazama: moshi ulikuja taratibu, ukafika kwenye tanga, ukabanwa kati yake na ukuta, ukachomoka kwa kasi. Kipima upepo kimekaa mbele, kasi hiyo hakiioni. Na mwendo ukizidi kwa asilimia 10 tu, nguvu huzidi kwa 21.

Dawa rahisi ni tanga dogo, asilimia 5 au chini, lakini mizani yangu haisomi nguvu ndogo vile. Nikafuata njia ya maabara ya Langley, Marekani. Wao walihangaika na mwendo unaokaribia wa sauti, na mwaka 1950 handaki lao likafanya kazi likiwa na kuta zenye mipasuo ya urefu. Ukuta usio na mpasuo huharakisha hewa. Pasipo ukuta kabisa, mkondo hutanuka mno ukapungua kasi. Mpasuo wa kadiri huyapatanisha makosa hayo mawili.

Siku ya kwanza iliniuma, Bakari. Nilikata mipasuo minne, feni ikavuta hewa ya chumbani kupitia humo, moshi wote ukasukumwa katikati. Ikabidi nilivike handaki sanduku la pili la plaiwudi, viungo vyote nikaviziba kwa gundi. Sasa moshi unatoka kidogo kwenye mpasuo ubavuni mwa tanga, kisha unarudi ndani nyuma yake. Kwa upepo uleule wa mita 6 kwa sekunde, mizani imeshuka kutoka gramu 88 hadi 67.

Mwambie fundi asubiri. Lete na lile tanga lako dogo, tulipime pamoja Jumamosi.

Wako,
Hamisi