Barua kwa mwanangu: unasemea upande gani

Mwanangu Zuhura,

Huku Tanga hatujambo, bibi yako analalamikia magoti tu. Juzi uliniuliza swali kwenye simu, nami dukani palijaa watu. Mwalimu wa baiolojia amewafundisha kwamba usemi uko upande wa kushoto wa ubongo, na unajua upande huo ndio uliopata kiharusi ulipozaliwa. Sasa wewe unasemea wapi?

Mwalimu hakukosea. Mwaka 1861, Paris, daktari Paul Broca alichunguza ubongo wa marehemu aliyeishi miaka mingi akitamka "tan" na si zaidi sana, akakuta umeharibika mbele, kushoto. Lakini yule usemi ulimpotea ukubwani. Ubongo wa mtoto mchanga bado haujamaliza kugawana kazi. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown, Marekani, walieleza habari za vijana waliopata kiharusi cha kushoto walipozaliwa, kama wewe. Walipopigwa picha za ubongo, lugha ilionekana kulia, katika sehemu zinazolingana na zile za kushoto. Na sentensi walizielewa sawa na ndugu zao.

Ulichelewa kusema, sikufichi. Wenzako walishaanza kugombana kwa maneno, wewe unanyosha kidole. Shangazi yako akashikilia ukatwe udata. Nikakataa: ulimi ulikuwa ukitoka vizuri, tatizo halikuwa hapo. Aliyetufaa ni yule dada wa mazoezi ya viungo, aliyesema kila unachonyoshea kidole nikitaje palepale. Kuku. Kuku anakula. Kuku kaingia jikoni! Majirani walidhani nimerukwa na akili. Kumbe kwa watoto kidole hutangulia neno, hata kwa walioumia kama wewe. Na kidole chenyewe kilikuwa cha kushoto, maana mkono wa kulia ulikuwa mzito. Wageni wakikukemea kwa kupokea kitu kwa kushoto, bibi yako aliwajibu maneno ambayo siyaandiki hapa.

Vidonge vya degedege usiviache hata ukijiona mzima. Degedege zikirudirudi ndizo zinazoweza kurudisha nyuma lugha uliyokwisha kuipata, ndiyo maana nakusumbua kila Jumapili.

Kuhusu insha: alama ulizopata hazikunishtua. Sarufi yako safi. Kinachokulemea ni kisa kirefu, nani alianza, nini kikafuata, na hilo huwapata wengi walioumia ubongo wakiwa wachanga, hata baada ya maneno kukaa sawa. Si uzembe. Nimemwomba mwalimu wa Kiswahili akuruhusu uorodheshe matukio pembeni kabla ya kuandika, naye amekubali.

Anza na kile kisa cha nyani bwenini. Kwenye simu ulianzia pale alipokimbia na sabuni ya matroni, tukacheka, lakini mpaka leo baba yako anauliza aliingiaje.

Mamako