Vita vya Msalaba havikuwa na pande mbili tu

Mhariri,

Makala yenu ya juma lililopita kuhusu Vita vya Msalaba inamwachia msomaji picha ya Wakristo wote upande huu na Waislamu wote upande ule, wakipigana mfululizo tangu Papa Urban II alipotoa mwito wa kuiteka Yerusalemu mjini Clermont, Ufaransa, mwaka 1095 hadi Akka, mji wa bandari wa Wakristo huko Palestina, ulipoanguka mwaka 1291. Naomba nafasi niipinge picha hiyo.

Wanamsalaba walipoiteka Yerusalemu Julai 1099 na kuwachinja wakazi wake, mji ulikuwa mikononi mwa Wafatimi, nasaba ya Kiislamu iliyotawala Misri, ambao nao walikuwa wameunyakua mwaka uliotangulia kutoka kwa Waislamu wenzao wa Kituruki. Mwaka 1140 Damascus iliungana na ufalme wa Kikristo wa Yerusalemu ili kumzuia Zengi, mtawala wa Mosul na Aleppo. Mwaka 1204 jeshi lililoapa kupigana na Waislamu, likiwa limeelemewa na deni lililodaiwa na mji wa Venice, liliishia kuupora Konstantinopoli, mji wa Wakristo.

Lakini kisa ambacho makala imekiruka kabisa ni cha mwaka 1229. Kaizari Frederick II wa Ujerumani, ambaye wakati huo alikuwa ametengwa na Kanisa kwa amri ya Papa Gregory IX, alipatana na Sultani al-Kamil wa Misri, naye Sultani akamkabidhi Yerusalemu, Bethlehemu na Nazareti pasipo vita, kwa muda wa miaka kumi na ushei. Waislamu walibaki na Haram al-Sharif, eneo lao takatifu mjini Yerusalemu, pamoja na Msikiti wa Al-Aqsa na Kuba ya Mwamba. Al-Kamil hakufanya hivyo kwa ukarimu mtupu, maana alikuwa katika ugomvi na jamaa zake waliotawala Damascus na hakutaka adui wa pili.

Kwa sulhu hiyo wote wawili walishutumiwa na watu wao. Mjini Damascus mapatano yalilaaniwa msikitini, huku Patriaki, yaani kiongozi mkuu wa Kanisa wa Yerusalemu, akipiga marufuku ibada katika mji uleule uliorudishwa kwa Wakristo. Na Frederick alipokuwa akielekea bandarini Akka kurudi kwao, wauza nyama walimrushia matumbo ya wanyama. Sijui ni kaizari gani mwingine aliyeagwa hivyo baada ya kupata alichotumwa.

Kwa kuwa mmeahidi sehemu ya pili ya makala, naomba mkataba huu upewe nafasi inayolingana na ile mliyoipa vita ya Hattin ya mwaka 1187, ambapo Sultani Salahuddin aliwashinda Wanamsalaba.

Msomaji wenu,
Morogoro