Mikono ya wapiga muheme

Nkuhungu, Dodoma

Swahiba wangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka huku. Sisi wazima, ila upepo wa mwezi wa saba unatumwagia vumbi, na kila jioni nafuta lenzi kabla sijanawa uso. Picha zako za bodaboda nimezipata, pamoja na swali lako: kwa nini zinaonekana kama pikipiki zimeegeshwa? Nimelifikiria siku nzima.

Ulipiga kwa 1/2000, yaani sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde. Kwa spidi hiyo shata, kile kilango cha kamera kinachoingiza mwanga, hufunguka na kufunga upesi mno, hata spoku za tairi zinahesabika. Chukua treni ya SGR itokayo Dar es Salaam: ikienda kilomita 160 kwa saa, inakata mita 44 kila sekunde. Kwa 1/1000 itasogea sentimita nne na ushee tu, na ukiwa mbali kidogo picha itaganda. Kwa 1/30 itasogea karibu mita moja na nusu, na mwendo huo wote utabaki kwenye picha kama mchirizi.

Kwa hiyo bodaboda mshushie shata hadi 1/30 au 1/60, lakini umfuate. Simamisha miguu imara, zungusha kiuno, mwanzie mbali, bonyeza bila kusimamisha kamera, na uendelee naye hata baada ya mlio. Yeye atatoka safi, maduka nyuma yake yatavutika kuwa mistari. Kati ya picha ishirini utabaki na mbili, na zitakutosha. Usijaribu saa saba mchana, maana jua letu litakuunguzia picha: kutoka 1/60 kwenda 1/30 tayari umeingiza mwanga mara mbili. Ngoja saa kumi na moja jioni, weka ISO 100 ili kamera isihisi mwanga kupita kiasi, ubane tundu la lenzi.

Sasa nikueleze lililonifanya nikuandikie badala ya kukupigia simu. Wiki iliyopita nilikwenda kijijini kwenye ngoma ya muheme. Unawajua mama zetu wa Kigogo, ngoma wanaibana katikati ya mapaja na kuipiga kwa viganja. Nilianza na 1/1000. Kila kidole kilionekana, shanga zote zilionekana, lakini mikono ilisimama hewani kama ya sanamu. Niliiangalia ile picha na ngoma sikuisikia kabisa.

Nikashusha hadi 1/15, nikatikisika, picha yote ikaharibika. Nikaegemea shina la mbuyu, viwiko nimevibana mbavuni, pumzi nimeishika, nikapanda kidogo hadi 1/30. Mama mmoja alikuwa amefumba macho, kichwa kimetulia, mwili mzima unafanya kazi chini ya shingo. Uso wake umetoka wazi hadi mkunjo wa paji, na mikono imekuwa kama moshi juu ya ngozi ya ngoma. Swahiba, nilitetemeka. Hiyo ndiyo ngoma niliyoisikia kifuani siku ile.

Lakini usiidharau 1/1000. Kesho yake asubuhi nilimkuta bibi mmoja anapepeta mtama. Ungo ukapanda, nikabonyeza: chembe zimetawanyika hewani moja moja, pumba zinakwenda na upepo upande wa pili, na chini mdomo wa ungo unasubiri. Jicho langu halijawahi kuona hivyo, ingawa kupepeta nimekuona tangu utotoni. Mwaka 1878 kule Marekani, Eadweard Muybridge aliwaonyesha watu kwa kamera kwamba farasi akikimbia, kuna wakati kwato zote nne haziko ardhini. Macho yalishindwa kuliamua hilo. Mtama ule ulikuwa hivyo kwangu.

Ndiyo maana siku hizi, kabla sijagusa gurudumu la shata, najiuliza kama nataka kuona kisichoonekana au nataka mtu asikie nilichosikia.

Picha ya mama na ya bibi nimeziweka humu kwenye bahasha. Ziangalie mchana, karibu na dirisha, kisha uniambie ipi imekugusa. Na ukija, njoo na ile lenzi yako ya milimita 50, tutarudi kijijini pamoja.

Wako akupendaye.