Asante, dada mwenye pama

Wema huu unastahili mashahidi. Nilimpeleka mama, aliyekuja kunitembelea hapa Virginia, Marekani, akaone Monticello, nyumba ya Thomas Jefferson, mwandishi mkuu wa Tamko la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776. Mama hakuvutiwa sana na vyumba. Alitaka kuona Mulberry Row, njia waliyoishi na kufanyia kazi watumwa, maana Jefferson alimiliki zaidi ya watu 600 maishani mwake. Nilikuwa namweleza mnada wa mwaka 1827, watu 130 walipopigwa bei kwa sababu ya madeni aliyoyaacha, mama akapepesuka. Jua lilikuwa kali, miguu ikamwishia nguvu.

Ukatokea wewe, dada mwenye pama. Ulimshika kwapani ukamketisha kivulini, ukalowesha mtandio wako ukamwekea shingoni. Ukamnywesha maji funda kwa funda, ukinizuia nisimharakishe. Kisha ukakimbia kituoni kumwomba dereva wa basi atusubiri.

Basi lilipotushusha chini ya kilima, alipopata nafuu, mama aliomba kuona makaburi ya watumwa karibu na maegesho. Wewe hujui Kiswahili, yeye hajui Kiingereza, lakini ulimpa mkono ukatembea naye taratibu, ukasubiri mpaka akamaliza dua. Hilo ndilo lililonigusa kuliko yote.

Ndugu, mkienda huko na wazee, bebeni maji ya kutosha na mwavuli. Mkimwona mgeni amelegea, msimpite. Dada, mama anakusalimu sana na anakuombea.