Kushukuru Hakukatazi Kuogopa: Barua ya Wazi kwa Vijana wa Kwaya Yetu

Wajukuu zangu,

Poleni tena. Tangu koasta yenu ifeli breki na kupinduka kwenye kona za Kitonga mkitoka Iringa, kila anayekuja kuwapa pole humalizia hivi: "Mshukuruni Mungu, yameshapita, sahauni." Wanasema kwa nia njema. Lakini nimeuguza majeruhi wa barabarani hadi nikastaafu, na nimewaona wengi walionyamazishwa kwa maneno hayo wakaumia kimyakimya mpaka wakabadilika tabia. Mtu anaweza kumshukuru Mungu huku anatetemeka. Imani yenu haijapungua.

Juzi nilikuwa sokoni na mmoja wenu. Lori likasimama nyuma yetu, breki za upepo zikapiga ile "pshii!" Akaachia kikapu, nyanya zikatawanyika, akaning'ang'ania mkono macho yamemtoka, mshipa wa shingo unadunda. Alipotulia akaniomba radhi. Radhi ya nini? Siku ile mwili wake ulijifunza kwamba sauti ya breki ni kifo, na mwili ukishajifunza hivyo hauingoji akili. Ndiyo maana wengine mnashtushwa na harufu ya dizeli, mnaota mnaporomoka, mnawafokea wadogo zenu bila sababu. Na wapo ambao hawahisi chochote, hata machozi msibani hayakutoka, wakajiona wana roho mbaya. Hayo yote ni ya kawaida wiki za mwanzo, na kwa walio wengi hupungua yenyewe.

Msiyacheleweshe kupungua. Futeni video za ajali simuni, na anayeendelea kuzirusha kwenye kundi aambiwe aache. Pombe inaleta usingizi mbovu na asubuhi hofu iko palepale. Vidonge vya usingizi msivichukue duka la dawa kwa kuambiwa na jirani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2013, linashauri dawa za jamii ya diazepamu zisitumike kutuliza hofu ya namna hii ndani ya mwezi wa kwanza.

Kuhusu kusimulia: mmeshasimulia polisi mkiandikiwa PF3, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, mkasimulia tena watu wa bima. Kule mlikuwa mnatoa maelezo. Tafuteni mtu mmoja mnayemwamini, mmwambie yale ambayo fomu haikuuliza. Asiye tayari asilazimishwe, hata kama anayemlazimisha ni mzazi au mchungaji.

Na wewe uliyebadilishana kiti na mwenzetu tuliyemzika, najua usiku unalirudia lile jambo. Alikuomba akae dirishani, ukampisha kwa wema. Hukujua, na hakuna aliyejua. Usijibebeshe kifo ambacho hukukisababisha. Mama yake ameniambia anatamani umtembelee, ila umekuwa ukimkwepa njiani. Nenda. Mimi nitakusindikiza ukitaka.

Sasa gari. Wawili wenu mmeapa hamtapanda tena, na kuna anayetembea kwa miguu kwenda kazini, saa nzima, jua kali. Kila siku unayolikwepa gari, hofu inajiona imeshinda. Anzeni kidogokidogo: kaeni ndani ya gari lililozimwa mpaka moyo utulie. Siku nyingine pandeni daladala kituo kimoja, mchana, na mtu mnayemzoea. Mkiwa njiani pumzi iingie polepole na kutoka polepole zaidi, huku mkitaja kwa sauti ndogo mnavyoviona: mwembe, duka la rangi, mtoto mwenye sare. Msishuke hofu ikiwa kileleni kama mnaweza kuvumilia. Ngojeni ianze kushuka kwanza. Kitonga itakuja baadaye, wala si lazima iwe mwaka huu.

Mwezi ukipita na bado hulali, picha zinakurudia mchana kweupe, au umeacha kazi na watu, nenda hospitali ya rufaa ya mkoa uulize huduma ya afya ya akili. Kuna tiba ya mazungumzo kwa ajili ya kiwewe, yaani jeraha la moyo linalobaki baada ya tukio la kutisha, inasaidia. Najua mnavyotaniana kuhusu Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili Dodoma; utani huo umewachelewesha wagonjwa wengi, na mimi nauchukia. Ila mawazo ya kujidhuru yasingoje mwezi. Siku hiyohiyo mwambie mtu, na usikae peke yako.

Jumamosi baada ya mazoezi nitakuwa ukumbini, chai itakuwepo. Mwenye kutaka kukaa tu bila kusema neno akaribie. Dereva wetu nimemwalika, naye hajalala vizuri tangu siku ile. Uchunguzi wa breki tuwaachie wanaohusika. Mtu asimuulize alikuwa anakimbia mwendo gani. Mpeni kiti, mmiminieni chai.

Ni mimi Bibi yenu,
muuguzi mstaafu, Morogoro