Neno Alilolitaja ni Lako, Mama

Brooklyn Park, Minnesota
Jumamosi, 24 Aprili 2021 (mwezi 12 Ramadhani)

Mama yangu mpenzi,

Assalaam aleykum, na shikamoo. Sisi huku hatujambo, saumu inakwenda vizuri. Jua linachelewa kuzama, tunafuturu saa mbili usiku, lakini baridi inapunguza kiu. Natumai na nyinyi mu wazima, na mguu wako umepata nafuu. Barua hii mpe Athumani akusomee polepole, wala asiruke mahali.

Jumanne ulipiga simu ukiwa umeamka daku nami ndio nafuturu, kama tulivyozoea mwezi huu, ukanikuta nalia. Ukadhani nimefiwa. Nikakwambia ni habari ya yule polisi, wewe ukauliza: "Sasa si wamempata na hatia? Walia nini?" Sikuweza kujibu, na tangu siku hiyo swali lako halijanitoka.

Ya George Floyd uliyasikia mwaka jana. Tarehe 25 Mei alishukiwa kulipa dukani kwa noti bandia ya dola 20. Polisi aitwaye Derek Chauvin akampigia goti shingoni akiwa amefungwa pingu, amelazwa kifudifudi barabarani, kwenye kona ya barabara ya 38 na ile iitwayo Chicago, mjini Minneapolis. Mwanzoni tuliambiwa ilikuwa dakika 8 na sekunde 46. Mahakamani wakapima upya: dakika 9 na sekunde 29. Mama, siku moja nilikaa kitako nikaangalia saa mpaka muda huo ukaisha. Ni mrefu. Chungu chatokota, chaepuliwa na kuinjikwa upya.

Kesi ilionyeshwa kwenye televisheni tangu mwisho wa Machi, nami hufanya kazi usiku, kwa hiyo mchana badala ya kulala nilikuwa naitazama. Wajua kazi yangu. Nawaosha wazee, nawalisha, nawageuza kitandani wasipate vidonda, na mwaka huu wa korona kazi kubwa imekuwa kuhesabu pumzi. Unatazama kifua kinavyopanda na kushuka, na saa iko mkononi. Nimewahesabia wengi ambao leo hawapo. Basi tarehe 8 mwezi huu alikuja daktari wa mapafu kutoka mji wa Chicago, Martin Tobin, mzee mwenye sauti ya upole. Alikuwa amezihesabu pumzi za Floyd kwenye video, moja moja, kama ninavyofanya mimi. Akaonyesha mahali pa kushika shingoni ili watu waelewe alivyobanwa, na mle mahakamani wakaanza kujigusa shingo zao. Hata mimi nilijigusa, peke yangu sebuleni. Halafu akaonyesha dakika ambayo uhai ulimtoka, na goti bado liko pale pale. Nilizima televisheni nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Lakini kilichonivunja si hicho. Floyd alipokuwa chini aliita mama. Mama yake alikwishakufa tangu 2018, na yeye mwenyewe alikuwa mtu mzima wa miaka 46, baba wa watoto, lakini alimwita. Kwa kinywa chake ni "Mama", vile vile tunavyosema sisi, halibadiliki hata herufi. Maneno mengine ya kesi hii niliyasikia kwa Kizungu. Hilo nililisikia kwa lugha ya nyumbani kwetu. Kuna mzee mmoja wa miaka 61, Charles McMillian, aliyekuwa akipita pale siku ile, akawa anambembeleza Floyd aingie kwenye gari la polisi yaishe. Alipoonyeshwa video mahakamani akafika pale pa kuita mama, alilia mpaka akashindwa kusema. Alisema na yeye hana mama tena, anamwelewa.

Sasa nikueleze kilichonifanya nilie Jumanne. Usiku ule wa kwanza, kabla dunia haijajua, polisi wa Minneapolis walitoa taarifa kwamba mtu amefariki baada ya kupatwa na tatizo la kiafya alipokuwa akishughulikiwa na maafisa. Basi. Goti halikutajwa. Kama si watu waliosimama pale kwenye kona, habari ingeishia hapo na marehemu angezikwa na uongo huo. Walikuwa watu wa kawaida tu. Binti wa miaka 17, Darnella Frazier, alikuwa amempeleka binamu yake mdogo dukani kununua vitu vya kutafuna. Alimwingiza mtoto ndani, yeye akarudi nje na kushika simu juu akirekodi video, mkono haukushuka mpaka mwisho. Mwanamke wa zimamoto aliyekuwa mapumzikoni aliomba aruhusiwe kupima mapigo ya moyo, akakataliwa. Kijana wa miaka 19 aliyepokea ile noti dukani alisema mahakamani kwamba angelikataa pesa ile, haya yasingetokea. Darnella naye alisema kuna usiku halali, anamwomba Floyd msamaha kwa kutofanya zaidi. Mama, mtoto yule anaomba msamaha! Yeye ndiye aliyeifanya kesi iwepo. Jopo la raia 12 lilipomtia Chauvin hatiani kwa makosa yote matatu, mimi niliwalilia hao, kwa sababu walibeba mzigo wa kushuhudia mwaka mzima wakidhani hawakufanya kitu.

Keith Ellison, mwanasheria mkuu wa jimbo aliyeongoza mashtaka, alisema siku ile kwamba hatauita uamuzi huo haki, maana haki ingerudisha kilichopotea. Ni kuwajibishwa, hatua ya kwanza. Nakubaliana naye. Kifungo chenyewe bado hakijasomwa, na maafisa wengine watatu bado hawajahukumiwa.

Ulisema kwenye simu kwamba hata kwetu yapo, na ni kweli. Sijasahau picha za pale kivukoni Likoni siku ya kwanza ya kafyu, watu wakipigwa na kurushiwa mabomu ya machozi kwa kosa la kuchelewa feri. Wala simsahau Yassin Moyo, mtoto wa miaka 13 aliyepigwa risasi akiwa kwenye roshani ya kwao Nairobi siku zile zile. Ndiyo maana nawaomba msiniambie nirudi nyumbani kama kwamba huko hakuna goti.

Hapa kwetu hasa jambo jingine limetokea, nami nilikuficha. Jumapili tarehe 11, kesi ikiendelea, kijana wa miaka 20 aitwaye Daunte Wright aliuawa na polisi Brooklyn Center, mji tuliopakana nao. Huko ndiko tunakonunua unga. Alisimamishwa akiendesha gari. Akampigia mama yake simu, akamwambia amesimamishwa, na mama akawa anasikia. Afisa aliyempiga risasi amesema alidhani ameshika kifaa cha shoti ya umeme, kumbe ni bastola. Ameacha kazi na ameshtakiwa. Kafyu ikawekwa kesho yake kuanzia saa moja usiku, na usiku huo ndio ulikuwa wa kwanza wa tarawehe. Tuliswali nyumbani, mimi na mwanangu Salim, helikopta zikizunguka juu. Alhamisi hii wamemzika Daunte.

Najua unachokiwaza. Salim ana miaka 19 na anaendesha gari kwenda chuo na kazini. Ndiyo, nimekaa naye. Nimemfundisha kama vile wewe ulivyonifundisha kuvuka barabara: ukisimamishwa, zima injini, washa taa ya ndani, mikono juu ya usukani ionekane, usichukue kitu bila kusema kwanza. Alinisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza, "Na nikifanya yote hayo?" Nilikaa kimya. Nikamkumbatia, naye ni mrefu kuliko mimi sasa.

Hatuhami. Kazi ni hapa, na watu ni hapa. Mbunge wetu wa jirani, Ilhan Omar, utotoni alikaa kambi ya wakimbizi ya Utange, hapo hapo kwenu Mombasa. Mwaka jana Ramadhani, misikiti ikiwa imefungwa kwa korona, adhana ilisikika kwa vipaza sauti mtaa wa Cedar-Riverside, na wazee walitoka kwenye roshani kusikiliza. Mji huu una mambo mengi, usiuone kwa video moja tu.

Pesa za futari na za nguo za Idd nimemtumia Athumani. Zako uzitoe kwanza, za dawa ya mguu, kabla hajaanza hesabu zake.

Na Salim amesema atakupigia Ijumaa baada ya swala. Wewe ukimpigia kabla ya hapo na simu ikaita isipokewe, tafadhali usikasirike wala usirudie rudie kupiga. Nimemkataza kuigusa simu akiwa barabarani. Akifika, atakupigia.

Mwanao akupendaye,
Zuhura