Barua ya Wazi kwa Vijana Wanaopeleka Mahindi Kenya

Vijana wangu wa Kibaigwa na vijiji vya Kongwa,

Nawasalimu, ingawa naandika nikiwa nimeudhika. Nimeyaona tena mahindi yakianikwa juu ya udongo mtupu, kuku wakiyachakura, na jioni yakitiwa katika magunia ambayo mwenyewe anatarajia yavuke mpaka wa Namanga.

Mnakumbuka Machi 2021, Kenya ilipozuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu. Katazo lile lililegezwa baada ya siku chache, lakini kwa masharti: mwagizaji asajiliwe, na shehena iwe na cheti cha kuonyesha kwamba sumukuvu haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Wengi wenu mlilalamikia hila za jirani. Kiwango hicho ni cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, nasi tumo ndani yake, na ndicho kinachotaka pia unyevu usizidi asilimia 13.5. Mwaka 2016, katika mkoa wetu huu wa Dodoma na kule Manyara, watu walikufa kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, wala hawakuwa Wakenya.

Linalonichoma zaidi ni mchezo wa kupanga gunia, makavu pembeni na mabichi katikati. Mpimaji akichoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, juu juu, hutoka punje ngumu zinazolia kama kokoto; akilizamisha hadi moyoni mwa gunia, hutoka punje zenye ukungu wa kijani, zinazonata kiganjani. Magunia machache ya namna hiyo yanatosha kuiangusha shehena nzima, na aliyeanika yake kwa uangalifu hurudishwa pamoja na mlaghai, wakati dalali amekwisha kula chake.

Lawama si zenu peke yenu. Mnunuzi anayekuja shambani hulipa bei ileile kwa makavu na mabichi, na kwa kuwa mabichi ni mazito zaidi, anayekausha hujipunja. Wakubwa nao huona haraka ya kutufundisha viwango pale tu mpaka unapofungwa.

Basi anikeni juu ya maturubai. Acheni lumbesa, yaani kujaza gunia kupita kipimo. Mahindi ya kuhifadhi yatieni katika mifuko ya kinga njaa, ile isiyopitisha hewa, yakiwa yamekauka. Kila kikundi kichange kinunue kipima unyevu kabla ya mavuno, na gunia lisilofikia kiwango lirudishwe kwa mwenyewe akalianike upya, hata kama mwenyewe ndiye mwenyekiti.

Mzee wenu,
Kibaigwa